Kliniki ya homoni ya hospitali yetu ya rufaa: Jumatano nyota tano, usiku nyota mbili

Mimi ni fundi cherehani. Nashona magauni ya harusi, sare za shule na mashati ya kitenge, na mwaka huu natimiza miaka 17 kwenye kazi hii. Nalitaja hilo mwanzoni kwa sababu ugonjwa wangu nilianza kuuona kwenye sindano. Mwaka juzi, mwezi wa nne, nilishindwa kutunga uzi. Tundu naliona vizuri kabisa, ila mkono umekataa kutulia. Nikalamba uzi, nikakata ncha upya, nikaegemeza kiwiko mezani, wapi! Nikamwita binti ninayemfundisha kazi anitungie, na akawa ananitungia kila siku kwa miezi mitano.

Hospitali ninayoieleza ni ya rufaa, huku Nyanda za Juu Kusini. Jina silitaji, kwa sababu yapo makosa nitakayoyasema na sitaki mtu mmoja abebe lawama peke yake. Ninachotaka ni mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo, au mwenye ndugu anayedhoofika bila sababu, ajue kliniki kama hii inafanyaje kazi, wapi inasaidia kweli na wapi bado.

Kabla ya kufika huko nilizunguka. Zahanati waliniambia presha, kwa sababu moyo ulikuwa unakwenda mbio hata nikiwa nimekaa. Duka la dawa wakanipa dawa ya minyoo. Kituo cha afya wakasema mawazo, mama pumzika. Uzito ulikuwa kilo 68, ukashuka hadi 54, na wakati huohuo nilikuwa nakula kuliko fundi ujenzi. Juni huku kwetu watu wanavaa masweta mawili, mimi nakaa mlango wazi na khanga moja, jasho linanitoka. Mtaani wakaanza kusema nimekanyaga waya. Nilipima virusi mara mbili, majibu safi mara zote mbili, lakini huwezi kutembea umejibandika karatasi ya majibu kifuani. Wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavishona.

Aliyenitambua ni mwanafunzi. Nilirudi kituo cha afya kwa ajili ya kuhara, nikamkuta kijana wa chuo cha utabibu yuko kwenye mafunzo ya vitendo. Alinisikiliza, halafu akaniomba ninyooshe mikono mbele, vidole vimetanuka, akachukua karatasi moja nyeupe ya daftari akailaza juu ya vidole. Karatasi ile ikaanza kutetemeka. Haikuwa imeshikwa na mtu, iko juu ya vidole vyangu tu, na inapepesuka kama jani. Nililia pale pale, maana kwa miezi mitano nilikuwa nawaambia watu mikono inatetemeka na hakuna aliyeangalia. Kisha akanipa kikombe cha maji, akasema nimeze taratibu, akawa anaangalia shingo. Uvimbe ukapanda na kushuka pamoja na mmezo. Akasema, "Mama, nadhani ni tezi ya shingo. Wiki mbili zilizopita nilikuwa kliniki ya homoni kule rufaa, tumeonyeshwa hivi hivi." Akamwita tabibu mkuu, wakaniandikia rufaa.

Wiki mbili alizokaa kijana yule kwenye kliniki ndizo zilizonifikisha mimi hospitali.

Kliniki ni kila Jumatano. Ukifika saa moja asubuhi utapata namba nzuri, ukifika saa tatu utaondoka alasiri. Wagonjwa wa kisukari ni wengi kuliko wote, wanachukua karibu benchi zote, na sisi wa tezi tunakaa upande wa dirishani. Kabla daktari hajaingia, saa moja na nusu, sista wa kliniki anafundisha. Kwa nusu saa hivi anasimama mbele ya benchi na ubao mdogo, na kila wiki anaanza upya kwa ajili ya wageni. Siku yangu ya kwanza aliniuliza nafanya kazi gani. Nilipomjibu akasema, "Haya, dada fundi, leo tunatumia cherehani yako."

Akachora. Tezi ya shingoni ni gurudumu, na homoni zake, ile T4 na T3, ndizo zinazoupa mwili kasi: moyo, tumbo, joto, akili. Kichwani, chini ya ubongo, kuna tezi nyingine ndogo inayotuma TSH, na hiyo ndiyo mguu unaokanyaga pedeli. Gurudumu likienda polepole, mguu unakanyaga zaidi. Likienda mbio, mguu unaacha. "Sasa kwenye majibu yake dada fundi, TSH imeshuka hadi karibu na sifuri. Mguu umeacha kabisa kukanyaga. Na gurudumu bado linakimbia. Kwa nini?" Mzee mmoja wa kisukari akajibu kwamba kuna mtu mwingine analizungusha kwa mkono. Sista akapiga makofi. Huyo mtu mwingine ni kinga ya mwili wangu mwenyewe, inayotengeneza kitu kinachoisukuma tezi bila kukoma. Unaitwa ugonjwa wa Graves, jina la daktari wa Ireland aliyeueleza mwaka 1835.

Nilikuwa nimeona watu wa tezi tangu utotoni. Bibi yangu mzaa mama, wa Makete, alikuwa na rovu kubwa la kufunikwa na kitambaa, na wanawake wa rika lake wengi walikuwa nalo. Kwa hiyo ndugu walinishauri niongeze chumvi yenye madini joto. Sista alinikataza. Rovu la bibi lilitokana na ukosefu wa madini joto kwenye udongo na vyakula vya milimani, na tangu chumvi ianze kuwekewa madini hayo kwa wingi miaka ya 1990 tatizo lile limepungua sana. Langu lina chanzo kingine, na kujishindilia madini joto kungeweza kuniharibia zaidi. Nile chumvi ya kawaida kama wengine, basi. Shingo zimevimba sawasawa, bibi na mjukuu, na dawa ni tofauti kabisa. Jambo hili nililielewa kwenye benchi, na sijui ningelielewa wapi kwingine.

Daktari naye simpunguzii nyota. Anasimama nyuma yako, anaipapasa shingo kwa vidole vya mikono miwili huku unakunywa maji. Aliweka kipimo cha masikioni juu ya tezi, akasikiliza, akaniomba ruhusa wanafunzi wanne nao wasikilize. Nikakubali. Kila mmoja alibadilika uso. Wa mwisho alipomaliza daktari akaniwekea mimi masikioni: sauti ya damu inayopita kwa kasi, kama upepo kwenye mwanzi, vuuu, vuuu, pamoja na moyo. Hakuharakisha. Akawaambia wanafunzi, "Mkimwona mtu anakonda huku anakula, anasikia joto wenzake wakisikia baridi, na mapigo yanapita 100 amekaa, msiandike mawazo kabla hamjapapasa shingo."

Dawa zilikuwa mbili. Propranolol ya kutuliza moyo na mtetemo, hiyo ilifanya kazi ndani ya siku chache. Na kabimazoli ya kuizuia tezi kutengeneza homoni, hiyo inataka subira ya wiki kadhaa, kwa sababu homoni zilizokwisha kutengenezwa lazima kwanza ziishe. Nilianza na miligramu 40 kwa siku, vidonge vinane vya miligramu 5. Dirisha la dawa la hospitali lilikuwa navyo mwezi wa kwanza tu, baada ya hapo nikawa nanunua mjini, ambako maduka yanayoviuza nimeyahesabu, ni mawili. Dirisha hilo nalipunguzia nusu nyota. Maabara nayo naipunguzia nusu: mashine ya kupima TSH ipo, lakini vitendanishi vikiisha damu inasafirishwa Dar es Salaam, majibu siku 12, na mara moja sampuli yangu ilipotea njiani nikatolewa damu upya. Shilingi 65,000 nilizolipa nje mara ya pili hakuna aliyenirudishia.

Nitakayoyasimulia sasa ndiyo yaliyonifanya niandike.

Siku ya kwanza sista alinipa karatasi ya njano, imechapwa kwa Kiswahili kwa herufi kubwa: NINATUMIA KABIMAZOLI. NIKIPATA HOMA, KOO KUUMA AU VIDONDA MDOMONI, DAWA HII ISIMAME NA NIPIMWE PICHA KAMILI YA DAMU LEO HII. Akanisomesha kwa sauti, akaniambia nimrudishie kwa maneno yangu. Kwa wachache sana wanaotumia dawa hii, hasa miezi mitatu ya mwanzo, chembe nyeupe za damu zinaporomoka ghafla na mwili unabaki bila askari. Koo lililouma kidogo asubuhi linaweza kukuua ndani ya siku chache. Niliikunja ile karatasi nikaiweka kwenye pochi, pamoja na kadi ya kliniki.

Wiki ya sita, Jumamosi usiku, nikaamka natetemeka na koo kama nimemeza viwembe. Mate yalikuwa hayapiti. Wifi yangu akachukua bodaboda, tukafika idara ya dharura ya hospitali hiyohiyo saa sita na nusu usiku. Tabibu wa zamu alikuwa kijana mstaarabu, amechoka, foleni ya ajali nyuma yake. Akaniangalia koo kwa tochi.

"Mama, haya ni mafindofindo tu. Nakuandikia amoksilini, unywe maji ya vuguvugu, usipopata nafuu urudi Jumatatu."

Sikuweza kusema vizuri. Wifi akatoa ile karatasi ya njano. Kijana akaisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maandishi mengine, akaisoma tena. Akasema kipimo cha damu cha namna hiyo ni cha asubuhi, na tena daktari wa kliniki anakuja Jumatano. Wifi akamwambia, "Mwanangu, imeandikwa leo. Sisi hatuondoki." Akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akanilaza kichwa mapajani mwake. Tulikaa hivyo tangu saa saba kasoro mpaka saa kumi alfajiri, ndipo akaitwa mtu wa maabara kutoka nyumbani kwake.

Majibu yalitoka kabla ya adhana. Chembe nyeupe za kupigana na vijidudu, zile za niutrofili, zilikuwa 0.3. Kwa mtu mzima mwenye afya hazitakiwi kushuka chini ya 1.5 hivi. Yule tabibu alikuja mwenyewe kunipa taarifa, amesimama na karatasi mkononi, akasema, "Mama, nisamehe. Hili sijawahi kufundishwa." Nilimwamini na namwamini mpaka leo. Hakuwa mzembe. Alikuwa ameachwa peke yake usiku na kitu kinachojulikana na watu watatu, na wote watatu walikuwa wamelala majumbani kwao.

Nikalazwa siku tisa. Dawa za mshipa zilianza alfajiri ile, na kwa hilo nashukuru. Chumba cha peke yangu hakikuwepo, nikawekwa kona ya wodi ya wanawake na pazia, kitanda cha jirani kikiwa na mgonjwa wa kikohozi, ingawa mtu asiye na kinga anatakiwa kutengwa na wenye maambukizi. Jumapili jioni nesi wa zamu akaniletea vidonge kwenye kifuniko, nikahesabu vinane vidogo. Kabimazoli! Ilikuwa bado kwenye kadi yangu ya zamani na hakuna aliyeifuta. Nilikataa, akakasirika kidogo, nikamwonyesha karatasi ya njano. Akaenda kuuliza, akarudi akaikata kwa kalamu nyekundu. Nafikiria mgonjwa ambaye hakukaa kwenye benchi la sista, au asiyejua kusoma, au aliyezidiwa hata hawezi kuhesabu. Huyo angemeza.

Jumatatu daktari wa kliniki alifika wodini saa mbili. Aliposikia yaliyotokea hakupandisha sauti. Aliniomba ruhusa, na siku iliyofuata akawaleta wafanyakazi wa dharura waliokuwa na nafasi, wauguzi wa wodi na yule tabibu, wakasimama kuzunguka kitanda changu. Akanitaka nisimulie mwenyewe, tangu koo lilipoanza. Kisha akawafundisha kwa dakika kama 20: dawa gani, dalili gani, kipimo gani, nani apigiwe simu. Yule tabibu aliandika kila neno. Mimi nilikuwa somo lenyewe na sikuona aibu. Ningependa somo lile lifanyike kila wageni wa zamu wanapoanza kazi, kabla ya mgonjwa kufika kwenye 0.3.

Nilipopata nafasi nilimuuliza kwa nini wanaojua mambo ya homoni ni wachache hivi. Aliniambia mafunzo yake ni marefu na walimu wachache, na akanipa mfano wa madaktari wa watoto: Nairobi kuna kituo cha PETCA kilichoanza mwaka 2008, kinachochukua madaktari wa watoto kutoka nchi mbalimbali za Afrika na kuwafundisha magonjwa ya homoni kwa miezi 18, kisha wanarudi kwao kuanzisha kliniki. Alisema kabla ya hapo watoto wengi wa kisukari walikuwa wakifika wakiwa mahututi na kutibiwa malaria. Nikasema sawa, hao ni mabingwa, na tunawahitaji. Lakini aliyeniona mimi mara ya kwanza alikuwa mwanafunzi aliyepitia kliniki wiki mbili, na aliyetaka kunirudisha nyumbani ni tabibu ambaye hakupitia hata siku moja. Daktari akanijibu kwamba ameandika maombi kila anayeajiriwa dharura apitie kliniki ya Jumatano angalau mara nne. Sijasikia kama yamekubaliwa.

Baada ya chembe kupona, kabimazoli ikawa marufuku kwangu maisha yote, pamoja na dawa ya kundi lake. Nikabaki na propranolol tu na barua ya kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwenye yale majengo ya Wajerumani kando ya bahari, nipewe madini joto ya mionzi. Tezi inayavuta yenyewe, mionzi inaichoma kutoka ndani. Kwangu ilikuwa shughuli ya mara moja tu. Kisha nikakaa kwa mama mdogo Mbagala kwenye chumba cha peke yangu, mbali na watoto wadogo na wajawazito kwa siku walizonielekeza, sahani yangu na kikombe changu pembeni. Wajukuu wa mama mdogo walikuwa wananisalimia wakiwa mlangoni.

Sista wa kliniki alinipigia simu mara mbili nikiwa huko, kwa vocha yake. Na miezi minne baadaye, nilipoanza kusikia baridi, kuvimbiwa na kulala mchana mezani, sikuhitaji kuzunguka zahanati. Nilijua gurudumu sasa limesimama na mguu unakanyaga kwa nguvu zote. Kipimo kikathibitisha: TSH 38, wakati kawaida haivuki 4 hivi. Nikaanzishwa levothairoksini mikrogramu 100, kidonge kimoja alfajiri na maji matupu, na chai isubiri angalau nusu saa. Kitakuwa changu maisha yote. Mwanzo nusu saa ile ilikuwa ngumu, sasa nawasha jiko nikishameza, na maji yanapochemka na tangawizi ikaiva muda umefika.

Uzi natunga mwenyewe tangu mwezi wa pili. Gauni la kwanza nililoshona peke yangu lilikuwa na vifungo 42 vidogo vya kitambaa mgongoni, vya kushonwa kwa mkono, kimoja kimoja.

Kwa anayekwenda: nenda Jumatano mapema, beba majibu yote ya zamani hata yale yaliyosema huna kitu, na uwe na mtu wa kusema kwa niaba yako kama wifi yangu. Ukiandikiwa kabimazoli usitoke bila karatasi ya njano, na wakikwambia zimeisha omba waiandike kwa mkono. Ukifika dharura usiku, itoe kabla hujaulizwa.

Mwezi uliopita nilikwenda steshenari nikatoa nakala kumi za karatasi yangu na kuzipiga plastiki. Moja nilimpelekea tabibu wa zahanati ya mtaani, yule wa presha. Aliisoma, akaniuliza maswali mengi mazuri, akaibandika ukutani juu ya mashine ya kupimia presha. Mbili nilizipeleka dharura, nikampa muuguzi mkuu mkononi, na Jumatano iliyopita nilipochungulia moja nimeikuta iko ukutani karibu na simu. Saba bado ninazo dukani, kwenye droo ya vifungo. Mwenye tezi apite achukue.